Mkono wa Gia Ukiharibika

Baisikeli nyingi zilizotumika, ziletwazo kwetu kwa meli kutoka Ulaya na Japani, zina gia. Fremu yaweza kuwa nzima kabisa, lakini ule mkono mdogo wa usukanini ubadilishao gia umechoka. Naye mwenye baisikeli huambiwa kwamba hauna dawa, anunue nyingine. Msikubali upesi.

Kwanza uosheni. Mara nyingi haukuvunjika, bali grisi ya ndani imekauka hata ikawa kama gundi. Tieni mafuta ya taa, mkaubonyeze tena na tena mpaka ushike. Ukiisha kukauka, tieni mafuta ya cherehani. Tazameni na waya, kwa maana uzi mmoja uliokatika ndani ya ala yake watosha kuifanya gia kuwa nzito.

Ikiwa umekufa kweli, hesabuni sproketi za nyuma kabla ya kwenda dukani. Mkono uliao “tak” kwa kila gia, ambao kampuni ya Shimano ya Japani iliutoa mwaka 1984 ukaenea pote, umepimwa kwa idadi yake. Wa sproketi 7 haulingani na sproketi 6, na wa kampuni moja huenda usipatane na chuma cha nyuma cha kampuni nyingine. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Lakini uko mkono wa kale usiolia, ushikao kwa msuguano tu. Huo haujali hesabu: wafaa sproketi 5, 6, 7, hata 8, na bei yake ni ndogo. Mpandaji husikiliza mnyororo. Ukikwaruza, husogeza mkono kidogo. Vijana huucheka, nami nauona bora kwa njia za vumbi. Pimeni usukani pia: ulionyoka una milimita 22.2 penye mishikio, uliopindwa kama pembe za kondoo 23.8.

Zile zenye gia 3 ndani ya kitovu cha gurudumu, kama za Sturmey-Archer, zataka mkono wao wenyewe.

Na fundi akitaka kutia ala ya gia kwenye breki, mkatalieni. Nyaya za ndani yake zimenyooka, nayo yaweza kupasuka breki ikikazwa mteremkoni. Ala ya breki imezungushwa kama springi; hiyo, mkikosa nyingine, yaweza kutumika kwa ule mkono wa msuguano.