Usukani na Mteremko wa Sekenke

Neno usukani sisi watu wa visiwa tulilijua jahazini kabla ya kulijua garini. Lilitujia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni ule ubao wa nyuma unaogeuza mwelekeo wa chombo. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba kana fupi huuchosha mkono, na kana ndefu humpa nahodha nguvu lakini humlazimu kuisukuma mbali ili chombo kigeuke kidogo. Elimu hiyo hiyo imo ndani ya boksi la usukani wa gari, lile ambalo mafundi huliita stelingi boksi, na ndiyo tuliyoikuta ikibishaniwa chini ya mti huko Shelui.

Shelui imo wilayani Iramba, mkoani Singida, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida kwenda Nzega, na kuendelea Mwanza na mipaka ya Rwanda na Burundi. Atokaye Singida hufika hapo baada ya kuteremka Sekenke, mahali ambapo nyanda za juu za Iramba hukatika ghafla na bonde la Wembere likaonekana limetandazwa chini. (Sekenke hiyo ndiyo iliyotoa dhahabu ambayo Wajerumani, wakiwa wamezingirwa vitani mwaka 1916, waliifua kuwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli karibu na Tabora. Kazi ya karakana katika nchi hii si jambo la jana.) Gari lililofungwa vibaya laweza kutembea Unguja au Pemba mwaka mzima bila kujulikana ila yake. Sekenke hulijua siku ya kwanza.

Gari lililokuwa likibishaniwa ni pikapu kuukuu: chesisi ya gari moja, ekseli ya mbele ya gari jingine, na sasa mwenyewe alitaka kulitia boksi la usukani la gari la tatu, kwa kuwa ameliona sokoni kwa bei nafuu. Asicheke msomaji wa Unguja. Magari yetu ya mbao yaendayo shamba nayo ni kazi ya mafundi waliojenga juu ya msingi uliotoka kiwandani kwa matumizi mengine. Nasi hatuko upande wa wale wanaotaka ufundi wa namna hii upigwe marufuku. Taifa lililoanzisha Shirika la Nyumbu huko Kibaha mwaka 1985, ili Watanzania wabuni magari yao wenyewe, haliwezi kumdharau fundi anayebuni chini ya mti. Tunachotaka ni ajue anachokifunga.

Huko Marekani kuna watu ambao tangu zamani huyaunda upya magari ya Ford ya miaka ya 1930 na kuyatia injini zenye nguvu kupita kiasi. Magari hayo huyaita hot rod. Wao pia huokota boksi la usukani kutoka gari jingine. Hulipenda lile la Chevrolet Vega, gari lililotengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1977, kwa sababu ni dogo na hupata nafasi kando ya injini. Lakini walijifunza kwa taabu kwamba si kila boksi hukubali kuhamishwa. La Chevrolet Corvair ni mfano mashuhuri: likifungwa mahali pengine bila kufunguliwa na kugeuzwa matumbo yake, dereva hukata kulia na matairi yakaenda kushoto.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi wa Shelui lilikuwa la haki kabisa, nalo halikuhusu bei: mkono wa boksi hili huenda upande gani? La pili lilikuwa uzito. Boksi ambalo usukani husogea nyuzi nyingi ili mkono usogee nyuzi 1 humpa dereva nguvu ya kutosha kwa pikapu. Boksi lenye uwiano wa chini ya hapo humwachia mzigo wote mabegani. Ndiyo ile kana fupi. Mwenye gari alijibu kwamba angetafuta boksi la pampu ya mafuta, lile jepesi. Lakini pampu hiyo huendeshwa na injini. Dereva anayezima injini mteremkoni ili kubana mafuta, na wapo, hupoteza msaada huo pale pale anapouhitaji, na usukani ukawa mzito ghafla katikati ya kona.

Katika kufunga, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni kutafuta katikati. Usukani huzungushwa hadi mwisho upande mmoja, kisha huhesabiwa mizunguko hadi mwisho wa pili. Ikiwa ni 4, hurudishwa 2, na hapo ndipo matairi yanapaswa kutazama mbele. Boksi limetengenezwa ili meno yake yabanane zaidi hapo katikati. Anayekaza skrubu ya kuondoa mchezo, ambao mafundi huuita plei, wakati boksi limepinda pembeni, huona amefaulu. Gari likinyooka, usukani hukakamaa na haurudi wenyewe baada ya kona.

Kisha kuna ile fimbo ndefu iungayo mkono wa boksi na gurudumu. Springi inapopanda na kushuka, ekseli huchora upinde wake, na fimbo nayo huchora wake. Pinde hizo zisipolingana, kila shimo la barabarani hulikata gari bila dereva kugusa kitu. Hapa ndipo tulipoona kishawishi kikubwa kuliko vyote: fimbo ikiwa fupi huungwa kwa kuchomelea, na mkono usioelekea vizuri huchomwa moto ukapindwa. Chuma hicho kilipewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Moto wa gereji huuondoa, na wala nje haionekani alama. Fundi yule alikataa kuchomelea. Mwenye gari alikasirika, akasema mbele ya safari wapo watakaomfanyia.

Maneno hayo ndiyo yanayotupasa kuyafikisha kwa wanaohusika. Mkaguzi anayepima breki na taa kisha akaliachia gari lililobadilishwa boksi, hajalikagua. Na alale chini, atazame kama bolti zimepitishwa katika mabomba ili chesisi isibonyee, kama nati ya mkono ina pini yake, na kama pana mahali palipochomelewa. VETA Bara hutathmini na kurasimisha ujuzi wa mafundi walioupata kazini, na Zanzibar tunayo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Tunapendekeza boksi la usukani liwe somo la mtihani la peke yake, na fundi anayelifunga aandike jina lake katika kitabu cha gari.

Tulipoondoka Shelui boksi lile la bei nafuu lilikuwa bado limelala juu ya gunia, na fundi alikuwa akiuhesabu upya mzunguko wake kwa mkono.