Matembezi ya msituni yanavyolipa karo ya watoto Kilifi

Mtoto anaambiwa alambe jani la mti. Anasita, anacheka, kisha analamba. Chumvi!

Mti huo ni mchu, mmoja wa miti ya mikoko inayoota Mida Creek, hori ya bahari karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Mchu huishi kwenye maji ya bahari na hutoa chumvi kupitia majani yake. Darasani hiyo ni sentensi moja ya kukariri. Hapa, mtoto akishaionja, haimtoki tena.

Matembezi kama haya, yanayoongozwa na wenyeji wanaoijua Mida na msitu jirani wa Arabuko-Sokoke, yana kazi mbili. Kwanza yanafundisha. Pili, ada anayolipa mgeni Mida inasaidia kumlipia karo mwanafunzi anayeishi kando ya msitu.

Pesa inaendaje?

Mpango huo unaitwa ASSETS na ulianzishwa mwaka 2001 na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Pale Mida kuna daraja jembamba la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, likielekea kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mgeni hulipa ili kupita.

Ada hizo, pamoja na michango ya wahisani, hugeuzwa kuwa basari za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu au hori. Lakini si pesa ya bure. Mzazi na mwanafunzi nao wana wajibu: kupanda miti, kuhudhuria mafunzo ya mazingira na kuacha kuharibu msitu.

Kwa nini karo?

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba. Ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Ukiuzunguka pande zote kuna mashamba ya watu wanaotegemea mvua.

Mvua ikigoma, mahindi hukauka. Shule nazo zikifunguliwa, mzazi huangalia kilicho karibu: mti wa kuchoma makaa, gogo la kuuza, mtego wa kunasa mnyama. Kumwambia mzazi huyo kwamba msitu ni hazina ya dunia ni maneno tu, mtoto bado yuko nyumbani. Basari inagusa shida ile ile inayompeleka msituni na shoka.

Ndiyo maana matembezi haya si ya kupunga upepo tu. Mti uliosimama unaanza kuwa na faida ambayo familia inaiona, muhula kwa muhula.

Jicho la mwongozaji

Mgeni akiingia msituni peke yake ataona miti. Mwongozaji anaona mengine. Anajua kichaka ambamo bundi wa Sokoke hulala mchana. Huyu ni bundi mdogo mwenye uzito wa gramu 50 hivi, ambaye pia hupatikana kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Akitulia kati ya majani, mtu anaweza kupita hatua mbili kutoka alipo asimuone.

Anajua pia mchakacho wa sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, anayepekua majani makavu akitafuta wadudu.

Kule Mida, mwongozaji hupanga safari kwa kuangalia maji. Yakijaa, ndege waliotawanyika kwenye matope husogea karibu na kibanda. Miongoni mwao ni ndege weupe wenye mgongo mweusi wanaokula kaa. Ndege hao huzaliana mbali, kwenye fukwe na visiwa vya upande wa Uarabuni, na huchimba mashimo mchangani ili kutaga.

Ujuzi huu hauwezi kuazimwa siku moja. Umejengwa kwa miaka ya kuishi hapo, na matembezi yanaupa malipo.

Pale ambapo basari haitoshi

Mpango huu una mipaka. Unategemea wageni, na mwaka 2020 korona ilipofunga utalii, pwani nzima ilionja ilivyo kukosa wageni. Basari pia haziwezi kumfikia kila mtoto.

Tena, Arabuko-Sokoke angalau ni msitu wa serikali. Kaskazini yake, nyuma ya Malindi, msitu wa Dakatcha hauna ulinzi kama huo. Makaa na mashamba ya mananasi yanaumega kidogo kidogo. Ni huko ambako, mwaka 2013, watafiti waliona kwa mara ya kwanza viota vya mnana wa Clarke, ndege anayejulikana kuishi Kilifi pekee.

Kwa Dakatcha, A Rocha Kenya imechukua njia nyingine: kununua vipande vya ardhi ili miti ibaki. Lakini ardhi iliyonunuliwa bado inahitaji majirani wanaokubali ibaki hivyo. Hapo kazi inarudi kule kule, kwa mtoto anayepelekwa kutembea na kuonyeshwa kiota.

Kabla ya kwenda

Msituni, asubuhi na mapema ndio wakati mzuri. Viatu vya kufunika vidole, maji ya kunywa na sauti ya chini vinatosha. Kwa Mida, mgeni aulize kwanza saa ya maji kujaa. Na popote anapokwenda, amuulize mwongozaji swali moja la ziada: ada hii inaenda kwa nani?