Kola Inayofaa kwa Kumfundisha Mbwa Utii

Hapa Ggaba, kwenye mwalo wa Ziwa Viktoria, nyumba zimebanana na njia za kuelekea sokoni ni nyembamba. Wakazi wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, kama wafanyavyo wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, ambako mizigo na watu hupita usiku na mchana. Mwizi ndiye anayekusudiwa kuogopeshwa. Hata hivyo, mbwa asiyefundishwa utii huanza kumdhuru jirani, mchuuzi wa maziwa au mtoto aliyetumwa dukani kabla mwizi hajafika. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kueleza jambo ambalo wafugaji wengi hulipuuza, nalo ni kile kinachofungwa shingoni mwa mbwa huyo.

Mara nyingi tunachokikuta ni waya, mnyororo wenye kufuli, au kipande cha kamba ya nailoni kilichobaki baada ya kutengeneza nyavu. Vyote hivyo humzuia mbwa asiondoke, lakini havimfundishi chochote. Kamba nyembamba hukata ngozi. Mtoto wa mbwa hukua upesi, na kamba aliyofungwa akiwa mdogo isipolegezwa huzama ndani ya nyama, ikaleta kidonda kinachonuka na kuvuta nzi. Mbwa wa namna hiyo hujifunza kwamba kila mkono unaoikaribia shingo yake unaleta maumivu. Siku moja mkono huo utakuwa wa mtoto wa mwenye nyumba, naye mbwa atauma. Kisha watu watasema ni mkali kwa tabia, ilhali ukali huo umetengenezwa na waya.

Kwa mbwa walio wengi, kola iliyo bora ni ile ya kawaida: bapa, ya ngozi au ya utepe mnene wa nailoni, yenye bizimu na pete imara ya kufungia kamba. Mbwa wa kimo cha kati anafaa kola yenye upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Mbwa mkubwa anahitaji pana zaidi, kwa kuwa upana hugawa mvuto juu ya shingo badala ya kuukusanya mahali pamoja. Pima kwa vidole viwili: vipite chini ya kola bila kubanwa, lakini kola isivuke masikio mbwa anaporudi nyuma kwa nguvu. Kwa mtoto wa mbwa, rudia kipimo hicho kila juma. Asiyepata kola dukani na amwendee fundi viatu. Mkanda wa zamani wa suruali, ukikatwa na kutobolewa matundu mapya, hutosha kabisa, na kwa maoni yetu hushinda kola nyingi za bei rahisi ambazo bizimu yake ni ya plastiki.

Wako mbwa ambao shingo yao ni nene kuliko kichwa, nao hujichomoa katika kola ya kawaida. Hao wafungwe kola yenye kitanzi kidogo cha pili, ambacho hujikaza kiasi mbwa anapovuta na kulegea anapoacha. Kitanzi kirekebishwe ili kisiweze kukaza hadi kumkaba.

Mnyororo wa kukaba ni jambo jingine. Unauzwa kwa wingi, na wengi huununua wakiamini kwamba ndio unaotumiwa na polisi. Ukivishwa kinyume, haulegei hata mbwa anapotii. Ukiachwa shingoni mbwa akiwa peke yake, unaweza kunasa kwenye ua na kumnyonga. Kola zenye meno ya chuma na zile za umeme tunazikataa waziwazi. Ni kweli kwamba mafunzo ya mbwa wa polisi yalianza kwa mkono mzito. Ofisa wa Kijerumani Konrad Most, ambaye kitabu chake cha mwaka 1910 kilisomwa na wakufunzi wengi, alitumia kola ya miiba. Tangu wakati huo mengi yamebadilika, na Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mbwa huunganisha maumivu na kile anachokitazama wakati huo. Akichomwa shingoni kila anapomwona mpita njia, hajifunzi kutulia, bali hujifunza kwamba wapita njia huleta maumivu.

Wasomaji waliowahi kuona mbwa wa polisi akifuata nyayo za mwizi wa ng'ombe huenda watauliza kwa nini alivikwa mshipi wa kifuani badala ya kola. Mbwa anayefuata harufu huvuta kwa nguvu, kichwa kikiwa chini. Kola ingembana koo na kumharibia pumzi. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Virunga nchini Kongo, askari wa wanyamapori huwatumia mbwa wa uzao wa bloodhound kuwasaka majangili, na kazi yao ni ya namna hiyohiyo. Mshipi wa kifuani humruhusu mbwa kuvuta. Kwa mbwa wa nyumbani anayefundishwa kutembea bila kuvuta, kola ndiyo inayofaa, isipokuwa awe na ugonjwa wa koo.

Kola ikishakaa vizuri, mafunzo yawe mafupi, dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Mbwa akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea, naye apewe kipande cha mukene mkavu usio na chumvi, ambao hapa Ggaba haukosekani. Watu wote wa nyumbani watumie neno moja kwa amri moja. Baba akisema «kaa», mama akisema «tuula», na kijana akitumia Kiingereza, mbwa atamtii yule mwenye mukene tu. Njiani, kamba iwe fupi mnapopishana na watu. Jirani Mwislamu aliyekwisha kutawadha hapendi kuguswa na mate ya mbwa, na ana haki ya kupita kwa amani.

Tunaomba pia kola ibebe kibati chenye namba ya simu ya mwenye mbwa. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja lolote. Mbwa naye, akijulikana mwenyewe, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda wote huo, hakuwa na kichaa cha mbwa katika mate yake alipouma, na daktari anaweza kuamua kusitisha chanjo zilizobaki. Mbwa asiye na kibati mara nyingi huuawa kwa mawe au hutoweka, na mgonjwa hulazimika kumaliza chanjo zote. Anayevuka mpaka na mbwa wake achukue cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kibali cha daktari wa mifugo, na namba ya simu iliyo kwenye kibati iwe ile inayopatikana upande anaokwenda.