Taa Inawaka, Lakini Nyutro ni ya Nani?

Katika nyumba za ghorofa, hitilafu hii hupenda kuanzia kwenye ngazi. Taa ya ngazini huwashwa kwa swichi mbili, moja chini na moja juu, na fundi anayetaka kuokoa mita chache za waya huona njia ya mkato. Huchukua waya wa moto kwenye saketi ya taa za chini, kisha nyutro anaikuta karibu, kwenye boksi la taa za juu, anaiunga hapo hapo. Taa inawaka. Fundi analipwa, dari inafungwa, na saketi mbili zilizopaswa kutengana zinaanza kuishi pamoja bila mwenye nyumba kujua.

Mpishano wa aina hii unaweza kukaa kimya miaka mingi, mpaka siku kisanduku cha breka kitakapobadilishwa.

Kisanduku cha zamani mara nyingi huwa na RCD moja inayolinda nyumba nzima, au hakina kabisa. Kazi ya RCD ni kulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampia 30, hukata. Ikiwa moja tu kwa nyumba yote, kila kinachotoka hurudi ndani yake, kwa hiyo hesabu inalingana. Kisanduku kipya kikiwa na RCD mbili, ya chini na ya juu, umeme wa taa ya ngazini hutokea upande mmoja na kurudia upande wa pili. Balbu ya wati 10 kwenye volti 230 huvuta miliampia zisizopungua 43, kwa hiyo taa moja ndogo inatosha kukata umeme. Kila mtu akipanda ngazi usiku, nusu ya nyumba inazima. Lawama huiendea RCD, na wapo wanaoamua kuing'oa. Hilo ni kosa kubwa, maana kifaa kinasema kweli.

Anayehatarishwa zaidi ni fundi wa baadaye. Anazima breka ya taa za juu, anapima waya wa moto, anakuta hauna kitu, kisha anafungua kiungo cha nyutro. Taa ya ngazini ikiwa imewashwa, umeme wa chini ulikuwa ukirudia hapo hapo. Sasa ncha inayotoka kwenye balbu ina volti 230, nayo iko mkononi mwake.

Kwenye nyumba za kupanga, ambako kila mpangaji ana LUKU au mita yake ndogo, mpishano huingia hata mfukoni. Mpangaji anaweza kujipimia bila kufungua chochote. Akizima meni swichi yake na kitu chumbani kikaendelea kufanya kazi, basi kinalishwa na mita ya mwingine. Kisha aiwashe tena, achomoe na azime kila kilicho chake, atazame kitaa kinachomwekamweka kwenye mita. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mmweko ni wati-saa moja. Mmweko mmoja kila sekunde 36 ni wati 100 zinazotumiwa na mtu mwingine kwa pesa zake.

Vivyo hivyo, mwenye nyumba anaweza kuzima breka moja moja, kuzunguka na taa ya meza akiichomeka kila soketi, na kuandika kilichozimika. Orodha hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku. Hata hivyo, huonyesha njia ya waya wa moto tu. Nyutro inahitaji fundi mwenye leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na mamlaka ya udhibiti, EWURA.

Fundi makini huzima meni swichi na kuifunga isiwashwe na mtu mwingine. Hujaribu kipimo chake mahali penye umeme, hupima anapotaka kufanyia kazi, kisha hukijaribu tena penye umeme ahakikishe hakijafa katikati. Testa ya bisibisi haitoshi hapa: kutowaka kwake si ushahidi kwamba waya hauna umeme. Multimita ya kidijitali nayo ina hila yake, kwani waya usiounganishwa popote, ukipita sambamba na wenye umeme, unaweza kuonyesha makumi ya volti zisizoweza hata kuwasha balbu.

Baada ya hapo hutenganisha nyutro zote kwenye upau wake na kupima moja dhidi ya nyingine. Haipaswi kuwepo njia kati yao. Kwa taa ya ngazini hutoa balbu, huunganisha kwa muda ncha mbili za holda, hugeuza swichi moja huku akipima kati ya waya wa moto wa chini na nyutro ya juu. Multimita ikisoma karibu na sifuri, mpishano umepatikana. Kiungo hicho cha muda lazima kiondolewe kabla ya umeme kurudishwa, la sivyo moto na nyutro vitagusana.

Mwisho huja mega, inayosukuma volti 500 za mkondo mnyoofu kupima ukinzani wa ngozi ya nyaya. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Nyaya nzima husoma mara nyingi zaidi ya hapo. Televisheni, chaja na balbu za LED huchomolewa kwanza, maana volti hizo zinaweza kuziua.

Rangi peke yake haiaminiki. Uingereza, ambako desturi nyingi za nyaya zinazotumika Afrika Mashariki zimetoka, ilianza kubadili rangi mwaka 2004: nyekundu ikawa kahawia, na nyutro nyeusi ikawa bluu. Katika umeme wa fezi tatu, nyeusi mpya ni fezi, na bluu ya zamani pia ilikuwa fezi. Nyumba iliyoongezewa vyumba mara mbili inaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya boksi moja.

Dawa ya taa ya ngazini ni kupitisha nyutro ya saketi ya chini hadi kwenye taa hiyo na kuikata ile ya juu. Kisha vipimo vyote hurudiwa, na matokeo huandikwa kwa namba, saketi kwa saketi, karatasi ibaki kwa mwenye nyumba.