Skrini zikizima shuleni, tusiilaumu Linux pekee

Mwalimu wa Kompyuta anayetumia Linux huiogopa asubuhi ya namna hii. Jioni ameuruhusu mfumo ujisasishe, akaifunga maabara na kwenda nyumbani akiamini ametenda jambo la busara. Kesho yake wanafunzi wa kidato cha nne wanaingia, wana haraka ya kukamilisha miradi yao ya mtihani. Wanawasha mashine. Feni zinavuma, taa ndogo zinawaka, lakini skrini ni nyeusi tititi. Kipindi kizima kinapita hivyo. Arudipo katika chumba cha walimu, anakaribishwa kwa maneno yale yale: "Tulikuambia. Cha bure hakina maana."

Mimi siiafiki kauli hiyo. Kosa lipo, lakini aghalabu halianzi katika Linux. Huanza siku tuliponunua kompyuta.

Jambo hili linatuhusu sasa kuliko zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo huzikataa kompyuta nyingi za zamani, na hizo ndizo ambazo shule nyingi za Kawangware, Kangemi na Dagoretti zinaweza kuzimudu. Linux imekuwa kimbilio, kwa kuwa haidai ada ya leseni na huzipa uhai mashine ambazo wengine wamezitupa. Ikiwa kimbilio hilo litatuvunja moyo, ni vyema tujue kwa nini.

Kadi ya picha ni kiungo cha kompyuta kinachochora kila tunachokiona katika skrini. Kadi hiyo haizungumzi na mfumo moja kwa moja. Huhitaji mkalimani, yaani programu iitwayo kiendeshi. Katika Linux wakalimani hawa ni wa aina mbili. Wapo ambao maandishi yao yako wazi kwa kila mtu, nao wamewekwa ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Viendeshi vya Intel na AMD ni vya namna hiyo. Kisha kuna vilivyofungwa, ambavyo kampuni huvitoa vikiwa vimekamilika, bila mtu wa nje kujua vimeandikwaje. Kwa miaka mingi Nvidia ilishika njia hii ya pili.

Tangu Linus Torvalds akianzishe kiini hicho nchini Finland mwaka 1991, waandishi wake wamekuwa huru kuzibadilisha sehemu zake za ndani. Anayebadilisha huwa na wajibu wa kuvirekebisha viendeshi vyote vilivyomo humo. Kilicho nje huachiwa mwenyewe. Kiini kipya kikija, kiendeshi cha nje huenda kisioane nacho hadi kampuni ikitengeneze. Kampuni ikichelewa, skrini huzima. Kampuni ikichoka, kadi hubaki yatima.

Na kampuni huchoka. Nvidia iliacha kukihudumia kiendeshi chake cha toleo la 340 mwishoni mwa mwaka 2019, na cha toleo la 390 mwishoni mwa mwaka 2022. Hayo ndiyo matoleo yaliyozitegemeza kadi zake nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2006 hadi mwanzoni mwa muongo uliofuata. Kwa upande mwingine, kadi za Radeon za mwaka 2002 ziliendelea kuandikiwa maboresho hata miaka 20 baadaye, kwa sababu maandishi ya kiendeshi chao yako wazi na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyashughulikia.

Anayepita katika barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji, atanielewa upesi. Mafundi wa pale hulifufua gari ambalo kiwanda chake kimekwisha kulisahau, maadamu boneti inafunguka na vipuri vinapatikana. Lakini fundi atafanya nini na gari ambalo boneti yake imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko ng'ambo?

Haki itendeke kwa pande zote. Ni kweli kwamba mwaka 2012, akiwa Finland, Torvalds aliishutumu Nvidia hadharani kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Lakini mwezi wa Mei 2022 kampuni hiyo ilifungua sehemu ya kiendeshi chake inayoungana na kiini. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, ingawa inazifaa kadi zilizotoka kuanzia mwaka 2018 tu, na za zamani hazimo. AMD nayo haikuzaliwa karimu. Ilianza kutoa nyaraka za kadi zake mwaka 2007. Kampuni hubadilika wanunuzi wanapojua wanachokitaka.

Basi walimu wenzangu, tufanye nini? Kwanza, tunapokwenda kununua kompyuta katika barabara ya Luthuli au Moi Avenue, tusiulize bei na ukubwa wa kumbukumbu tu. Tuulize kadi ya picha ni ya nani. Kwa kazi za shule, yaani kuandika, kuchora ramani na kujifunza kutunga programu, kadi ya Intel iliyomo ndani ya mashine yatosha kabisa. Tubebe flashi yenye Linux, tuiwashe kompyuta kwayo pale pale dukani, na tutazame kabla ya kulipa.

Pili, tusizisasishe mashine zote kwa usiku mmoja. Tuijaribu moja, na tusifanye hivyo majuma ya mtihani. Tatu, skrini ikizima, tusikimbilie kufuta kila kitu. Aghalabu kiini cha awali bado kimehifadhiwa, na orodha inayotokea mashine inapowaka huturuhusu kukichagua. Kwa kadi yatima kuna kiendeshi huria cha Nouveau, kilichotungwa na watu waliozichunguza kadi za Nvidia kwa jitihada zao wenyewe. Mwendo wake ni wa taratibu, lakini mwanafunzi ataiona kazi yake.

Nanyi wanafunzi, msiishie kubofya. Someni mjue kwa nini skrini imezima. Mashine iliyo mbele yenu imefunguliwa boneti. Kinachohitajika ni fundi, na fundi huyo anaweza kuwa mmoja wenu.