Pini ya saa nane usiku

Nilidhani ameisahau. Mama aliyekuwa akinikaangia chapati karibu na stesheni ya Itigi alikuwa na pini ya nepi, kubwa, yenye kichwa cha plastiki ya buluu, ameichomeka kwenye gauni upande wa kushoto, juu kabisa karibu na bega. Haikushika kitu. Hapakuwa na kifungo kilichokatika wala mshono ulioachia. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi mitatu hivi, amelala fofofo.

"Dada, hiyo pini itakuchoma," nikamwambia.

Akacheka. "Iache kaka, iko kazini. Usiku ndiyo inaniambia ziwa gani."

Itigi nilikuwa nimekwenda kwa habari ya reli mpya. Habari hiyo mhariri wangu bado anaidai.

Mama chapati alinieleza huku akisukuma donge: pini hukaa upande wenye zamu. Mtoto akishanyonya upande huo, pini inahamia wa pili. Basi. Nani kamfundisha? Akanyoosha mpini wa kijiko ng'ambo ya reli. "Kwa bibi nesi. Huku sote katufundisha yeye."

Bibi nesi ni mkunga mstaafu. Jina alikataa lisiandikwe. Niandike bibi, inatosha. Nilimkuta uani akigeuza alizeti juu ya turubai, amejifunga kitenge juu ya sweta, maana Julai ya Itigi ina upepo ambao sisi wa Dar es Salaam hatuna nguo zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mkeo yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Sasa pini nimfundishe nani?"

Lakini alinifundisha. Kabla ya pini, alisema, kuna kitanda. Wanaotoka mjini kuja kufundisha kunyonyesha huja na picha ya mama ameketi kitini, mgongo umenyooka, mchana, dirisha liko wazi. Yeye anataka tuanze na kitanda cha futi nne kwa sita chenye watu wanne. Baba yuko ukingoni kwa sababu ndiye anayeamka alfajiri. Mtoto mkubwa yuko miguuni, au kajipenyeza katikati. Mama anafuata, na mtoto mchanga yuko ukutani asije akaanguka. Chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Mchanga akilia, mama hulala kwa ubavu kumwelekea na kumpa ziwa la chini, lililo karibu na ukuta. Akilia tena saa nane, mama yuko vilevile, ziwa ni lilelile. Saa kumi, lilelile. Kugeuka maana yake ni kumvusha mtoto juu ya kifua gizani, kumsogeza mkubwa na kumwamsha baba. Nani ana nguvu hiyo?

"Ziwa la ukutani linanyonywa usiku kucha," bibi alisema, "na hili la kwa baba linajaa, linajaa, mpaka linakuwa jiwe."

Enzi zake za wodini, mara nyingi aliwapokea wanawake wenye homa, titi moja limevimba, jekundu, linawaka moto. Wengine limeshafanya jipu la kupasuliwa. Aliwauliza swali moja kwanza: unalala upande gani wa kitanda? Wengi walimshangaa. Wamekuja na ugonjwa, wanaulizwa mambo ya chumbani. Kumbe jibu karibu kila mara lililingana na titi linalouma.

Hapo ndipo pini ilipoingia. Wapo waliojaribu bangili, ya kuhamisha mkono hadi mkono. Ikagonga, mtoto akaamka. Uzi kwenye kidole ukapotea shukani. Pini ya nepi ilikuwa ndani ya kila nyumba na haikuhitaji taa. Akavua kitenge, akanitupia mabegani, akanichomekea pini.

"Funga macho. Iko wapi?"

Nikapapasa kulia, hakuna. Kushoto, nikaigusa: kichwa laini, duara, baridi.

"Hamisha."

Nikajichoma. Akacheka hadi akashika kiuno, kisha akanionyesha tena polepole. Kidole gumba kinabana kichwa kabla ya kingine kufungua mdomo wake. Pini inakaa juu, begani, mbali na uso wa mtoto. Haihamishwi kabla mtoto hajaachia chuchu. Na isikike "ta" ya kufunga. Usiposikia "ta", rudia. Mimi ni baba wa watoto wawili. Katika usiku wote wa uchanga wao sikuwahi kujua kwamba upo upande wenye zamu.

Lakini kwa nini kuamka huko kote? Nilimuuliza kama wengi wanavyouliza: si heri mtoto azoeshwe kulala hadi asubuhi? Bibi akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini ng'ombe akamuliwe. Tumbo la mchanga ni dogo. Siku ya kwanza kijiko cha chai cha maziwa ya njano kinamtosha kwa mkupuo mmoja. Maziwa ya mama husagika haraka, ndiyo maana mtoto hurudi mara nane hadi kumi na mbili kwa siku na usiku wake. Tena homoni inayoagiza maziwa yatengenezwe, prolaktini, hupanda zaidi usiku. "Ukimnyima usiku," alisema, "mchana usiniulize maziwa yamekwenda wapi."

Alikuwa na onyo pia, na hapo hakucheka. Mama mwenye usingizi asimnyonyeshee mtoto kwenye kochi, atasinzia naye abanwe. Heri alale kitandani, mito mbali. Na baba akirudi amelewa, mtoto asiwe kitanda kimoja naye.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 64 kati ya 100 wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Nilimuuliza bibi hao 36 wamepotelea wapi. "Uji wa kwanza hupikwa usiku," akajibu. Mtoto amelia mara ya tatu. Kutoka chumba cha pili sauti ya mama mkwe inasema maziwa yako mepesi, au mtoto ana mchango, mpe maji ya moto kidogo. Mama amechoka, mumewe anaguna. Saa tisa usiku hakuna nesi wa kubishana kwa niaba yake. Bibi mwenyewe, aliniambia kwa sauti ya chini, mtoto wake wa kwanza alimpa uji akiwa na miezi miwili. Alikuwa tayari mkunga.

Kuna jambo lingine nililoondoka nalo bila kulitegua. Wapo wanaume wanaohama chumba mama anaponyonyesha, wakiogopa kumbemenda mtoto. Bibi ameipinga imani hiyo miaka nenda rudi. Mtoto hadhoofiki kwa sababu wazazi wake wamelala pamoja. Lakini baba akihama, upande wa pili wa kitanda unabaki wazi, na mama anageuka apendavyo. Je, aliwahi kuona matiti yakiuma kidogo zaidi katika nyumba hizo? Bibi akaokota alizeti moja, akaimenya, akaila. "Hilo usiliandike kama nimelisema mimi," akasema. Kwa hiyo nimeliandika kama swali langu.

Kabla ya kuaga nilimsomea simuni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya uzazi siku 84, au 100 kwa mapacha. Akirudi kazini, mama aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku kunyonyesha. Na kwa sheria hiyohiyo, anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi aongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa.

"Soma tena hapo pa usiku."

Nikasoma.

"Nimezaa watano," akasema. "Nipeleke wapi madai?"

Kesho yake asubuhi nilipitia chapati kabla ya basi. Pini ilikuwa kulia. Nikamuuliza mama ameamka mara ngapi usiku. Akaweka kijiko chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: ile ya taa kukatika, moja. Ya mbwa, mbili. Halafu ya treni ya mizigo, au hiyo ndiyo ya mbwa? Akasimama na vidole viwili hewani. Mafuta yakaanza kutoa moshi, akageuza chapati.