Mzinga kwa Simu, Chetambe kwa Dirisha

Ukidandia mat Kitale ukiishia Bungoma, cheki siti ya nyuma. Hapo hakosi chali ameinamia simu, vidole gumba vinateleza kwa skrini, anamwaga risasi. Umsalimie, atakujibu "poa" bila kuinua macho.

Gemu za aina hii hazina mbio kama Free Fire. Umebandikwa nyuma ya mzinga, huwezi songa hata hatua, kazi yako ni kuzungusha mtutu. Boti zinafika ufuoni, wasee wa adui wanashuka, vifaru vinafuata, juu ndege zinanguruma. Wale walizeekea cyber wanajua stori ilianzia wapi: Beach Head 2000 ya kompyuta, iliyotoka mwaka wa 2000, na hata hiyo ilirithi jina kwa gemu ya 1983. Siku hizi ziko za simu kibao, na nyingi hazili bando. Ndio maana wasee wa boda wanazipenda. Kastoma akitokea, unaiweka mfukoni, vita inangoja.

Rada ni hii. Usishikilie kitufe kama umeganda, mtutu ukichemka lazima ungoje upoe, na hapo ndio wanakumaliza. Ndege inakuja mbio? Lenga mbele ya pua yake, risasi na ndege zikutane huko mbele. Na usianze na wanajeshi wa miguu, hao ni chambo. Kifaru ndicho kitakuzika. Mat ikigonga tuta ukiwa katikati ya hiyo hesabu, manze, umeenda.

Sasa, ukipita Kamukuywa ukikaribia Webuye, toa macho kwa skrini kidogo. Vile vilima ni Chetambe. Mwaka wa 1895 Wabukusu walikuwa ndani ya ngome yao huko, ukuta wa udongo na mtaro umeizunguka, wakilinda kwao. Waingereza walikuja wakiongozwa na Charles Hobley, na mzinga wa Hotchkiss. Yaani mambo yaligeuka kichwa chini: kwa gemu, anayelinda ndiye ako na mashine na anayekuja ndiye anakufa. Chetambe, mashine ndiyo ilikuja. Wenyeji walikuwa na mikuki na bunduki za kuhesabika, na ukuta haukutosha. Watu wengi waliuawa.

Chali wa siti ya nyuma, pengine babu wa babu yake alikuwa ndani ya ule ukuta, na yeye anaua maadui wa ufuo asioujua hata kwa ramani. Simlaumu. Sijaona gemu ya Chetambe popote, na ukweli ni kwamba itakuwa ngumu kuunda, maana kila levo unapoteza. Lakini Wakenya wanaweza: Andrew Kaggia na studio ya Black Division walitoa gemu ya Nairobi X mwaka wa 2015, unapiga viumbe wa anga ndani ya Nairobi yenyewe. Kama viumbe wa anga wamepata nafasi, Hobley pia apewe levo yake. Nipe mtaro wa kuchimba usiku, nipe ng'ombe wa kuficha, nipe ukuta wa kuziba kila mzinga ukiutoboa, na saa ya kuonyesha nimeshikilia dakika ngapi.

Mbogi yoyote ikiiunda, soo yangu iko M-Pesa. Ila matangazo kila nikidedi, hapana.